JINA MOJA, VITABU VINGI: MAFUNDISHO YA VITABU VYA EZRA

Somo: Nehemia 8:1-12



Sisi tuliofundisha shule twajua kwamba katika darasa moja huweza kuwapo akina Yohana watatu. Majina yao yamefanana katika kitabu cha mahudhurio, lakini mwalimu hawezi kutoa maksi kwa kusoma jina lililoandikwa juu ya daftari. Hana budi kulifungua na kusahihisha hesabu moja moja. Pengine Yohana wa kwanza amepata zote, wa pili amepata nusu, na wa tatu amenakili kwa jirani yake, pamoja na makosa ya jirani.

Mwezi huu twataka kufikiri pamoja nanyi juu ya jambo la namna hiyo kuhusu vitabu vya dini, yaani vile vitabu vinavyobeba jina la Ezra. Sababu ya kulileta jambo hili ni maswali matatu yanayosikika katika mitaa yetu. Wako wanaouliza kwa nini Biblia za wenzetu wa makanisa mengine zina vitabu ambavyo hatuvioni katika zetu. Wako vijana waliosoma vijarida vya kuuzwa vituo vya basi, nao wanauliza kama ni kweli kwamba Kanisa limeficha vitabu 70. Tena wako wazee ambao katika baraza la ukoo hukichomoa kitabu cha Ezra kama panga, wapate kukata uchumba wa watoto wao. Maswali haya yaonekana kuwa mbalimbali, lakini yote matatu yamekaa chini ya jina moja.

EZRA ALIKUWA NANI?

Jina Ezra katika Kiebrania lina maana ya msaada. Mwenye jina hilo alikuwa kuhani wa ukoo wa Haruni, tena mwandishi, yaani mtu aliyesomea Torati na kuifundisha. Aliishi Babeli kati ya Wayahudi wa uhamisho, akapanda kwenda Yerusalemu katika mwaka wa 7 wa mfalme Artashasta wa Uajemi. Wengi huuhesabu kuwa mwaka 458 kabla ya Kristo. Safari ilichukua miezi minne.

Mambo mawili ya safari ile yatufaa tuyakumbuke. Ezra aliona haya kumwomba mfalme askari wa kuwalinda njiani, maana alikuwa amekwisha kumwambia mfalme kwamba Mungu huwalinda wamtafutao. Basi akawaita watu wafunge na kuomba kando ya mto Ahava. Jambo la pili, fedha na dhahabu ya Hekalu aliipima mbele ya watu kabla ya kuondoka, na walipofika ikapimwa tena na kuandikwa yote. Mtu aliyemtegemea Mungu badala ya askari hakuona kwamba imani yamwondolea wajibu wa kutoa hesabu. Wahazini wetu watanielewa.

Lakini sifa yake kubwa imo katika sura ya 7, mstari wa 10. Hapo twaambiwa kwamba aliuelekeza moyo wake katika mambo matatu, nayo yamepangwa kwa taratibu: kuitafuta sheria ya Bwana, kisha kuitenda, kisha kuifundisha. Kufundisha ni jambo la tatu. Wengi wetu tungependa kuanzia hapo.

VITABU VYENYEWE

Mtu kama huyo akifa, jina lake halifi. Watu huliheshimu, hulitumia, na wengine hujifunika nalo. Ndivyo ilivyokuwa kwa Ezra, hata vitabu vinavyotajwa kwa jina lake vikawa vingi. Tuvitazame kimoja kimoja.

Cha kwanza ni kitabu cha Ezra tulicho nacho katika Biblia zetu, chenye sura 10. Hata hicho kina lugha mbili ndani yake, Kiebrania na Kiaramu, maana barua za serikali ya Uajemi zimeingizwa humo kwa lugha ya ofisi za siku zile. Cha pili ni Nehemia. Wayahudi kwa karne nyingi walivihesabu hivi viwili kuwa kitabu kimoja, na katika Biblia za Kilatini Nehemia aliitwa Ezra wa Pili. Ndiyo maana habari iliyo kubwa kuliko zote kuhusu Ezra, ile ya kusoma Torati mbele ya watu, haimo katika kitabu cha Ezra bali katika sura ya 8 ya Nehemia.

Ezra wa Tatu ni kitabu cha Kigiriki. Chaanza na Pasaka ya mfalme Yosia, chasimulia tena habari za kurudi kutoka Babeli, kisha chakatika ghafula mahali pale pale Ezra anaposoma Torati. Kina hadithi moja isiyopatikana penginepo. Vijana watatu walinzi wa mfalme Dario walishindana kuandika ni kitu gani chenye nguvu kupita vyote, wakaweka maandishi yao chini ya mto wa kulalia wa mfalme. Wa kwanza aliandika divai. Wa pili aliandika mfalme. Wa tatu, naye ni Zerubabeli, aliandika kwamba wanawake wana nguvu zaidi, lakini kweli yashinda yote. Aliposhinda hakuomba mali wala cheo. Alimkumbusha mfalme nadhiri yake ya kuujenga Yerusalemu.

Ezra wa Nne ni kitabu cha namna nyingine kabisa. Si historia, bali ni njozi na mazungumzo na malaika Urieli. Hakikuandikwa katika siku za Ezra, bali karibu na mwisho wa karne ya kwanza baada ya Kristo, Warumi walipokwisha kuubomoa Yerusalemu mwaka 70. Wakristo wa baadaye wakakiongezea sura mbili mwanzoni na mbili mwishoni. Zaidi ya hivyo kuna vitabu vingine vidogo vilivyotokea karne za baadaye, vikijiita njozi au ufunuo wa Ezra.

Makanisa hayakuvipokea vitabu hivi sawasawa. Kanisa la Roma, katika Mtaguso wa Trento mwaka 1546, lilikiri Ezra na Nehemia, lakini Ezra wa Tatu na wa Nne haikuwahesabu kuwa Maandiko. Ndugu zetu wa Kanisa la Kigiriki wanamsoma Ezra wa Tatu. Ndugu zetu wa Ethiopia wanamhesabu Ezra wa Nne katika Maandiko yao. Kanisa letu la Anglikana lilisema neno lake katika Kanuni 39 za mwaka 1571. Kanuni ya 6 yafundisha kwamba mambo yote ya lazima kwa wokovu yamo katika Maandiko Matakatifu, kisha yavitaja Ezra wa Tatu na wa Nne kati ya vitabu ambavyo Kanisa huvisoma kwa ajili ya mfano wa maisha na mafundisho ya mwenendo, bila kuvitumia kuthibitisha fundisho la imani.

Basi, wapendwa, mtu akituambia, "Imeandikwa katika kitabu cha Ezra," yatupasa tumwulize kwa upole, "Ezra yupi?"

JINA PEKE YAKE HALITOSHI

Historia yatuonyesha hasara ya kutouliza swali hilo. Katika Ezra wa Nne, sura ya 6, imesemwa kwamba Mungu alipoiumba dunia maji alikusanya katika sehemu moja ya saba, na sehemu sita akazikausha. Christopher Columbus aliyashika maneno hayo. Katika barua yake kwa mfalme na malkia wa Hispania kuhusu safari yake ya tatu, ya mwaka 1498, alimtaja Ezra kuwa shahidi kwamba bahari si kubwa. Leo kila mtoto wa shule ya msingi anajua kwamba maji yamefunika kama asilimia 71 ya uso wa dunia. Bahari haikupungua kwa sababu ya jina la Ezra. Mwandishi wa kitabu kile alikuwa akimsifu Muumba, hakuwa akiwachorea mabaharia ramani. Kosa lilikuwa la msomaji aliyelichukua jina kubwa akaliwekea mzigo usio wake.

Kati ya vile vitabu vidogo, kimoja cha Kilatini kinachoitwa Ufunuo wa Ezra si ufunuo hata kidogo. Ni orodha ya kubashiri mambo ya mwaka, jinsi hali ya hewa na mavuno yatakavyokuwa, kwa kuangalia tarehe 1 Januari imeangukia siku gani ya juma. Mtunzi wake alijua vema kwamba akiandika jina lake mwenyewe hakuna atakayemsikiliza. Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kitabu kile kilijitembeza kwa miguu ya Ezra.

Tufike sasa kwenye vile vitabu 70. Habari yenyewe imo katika sura ya 14 ya Ezra wa Nne. Torati imeteketezwa kwa moto. Ezra aomba, apewa kikombe cha kitu kama maji chenye rangi ya moto, naye awasomea waandishi watano kwa muda wa siku 40. Vikapatikana vitabu 94. Vitabu 24 aliamriwa avitoe hadharani, wavisome wanaostahili na wasiostahili, nayo ndiyo hesabu ambayo Wayahudi huihesabia Maandiko yao. Vile 70 aliamriwa awawekee wenye hekima.

Mkitazama vizuri mtaona mambo mawili. Kwanza, habari ya vitabu vya siri imo ndani ya kitabu ambacho Kanisa limekinakili na kukichapa kwa karne nyingi. Anayetaka kuficha jambo halichapi. Pili, kitabu hicho hakitaji jina hata la kimoja cha vile 70. Kwa hiyo anayewauzieni orodha yake ameipata penginepo. Tunawasihi vijana wetu: msiogope kusoma, someni sana, lakini msinunue siri. Kitabu cha Mungu kilichotolewa hadharani kwa wanaostahili na wasiostahili hatujakimaliza hata sisi wenye mvi.

KITABU KILICHOMO KATIKA BIBLIA NACHO CHATAKA KUSOMWA

Pengine mtu atasema, "Hayo ni ya vitabu vya pembeni. Mimi nashika Ezra wa Biblia, na Ezra wa Biblia aliwafukuza wake wa kigeni." Neno hili ni zito kuliko hayo yote, maana lina machozi ya watu ndani yake.

Ni kweli. Sura ya 9 na ya 10 zaeleza kwamba watu waliorudi kutoka uhamishoni walioa wanawake wa mataifa ya jirani. Ezra aliposikia alirarua vazi lake akaketi kwa mshangao hata jioni. Baraza likakaa, kesi zikasikilizwa kwa muda wa miezi mitatu, na mwisho wa kitabu ni orodha ya majina ya waume, zaidi ya 100. Kitabu hakituambii wanawake wale walikwenda wapi, wala jina la mmoja wao hakitupi. Chasema tu kwamba wengine walikuwa na watoto. Hapo kinakwisha.

Tumeketi zaidi ya mara moja katika mabaraza ya wazee ambapo sura hiyo ilisomwa. Tunakumbuka baraza moja ambapo binti alikuwa jikoni akitayarisha chai ya wazee, naye alisikia kila neno kupitia ukutani. Kijana aliyemchumbia alikuwa amebatizwa na kupata kipaimara, alikuwa mwimbaji wa kwaya, na kazi alikuwa nayo. Hatia yake ilikuwa moja, lugha ya mama yake. Mzee mmoja wa ukoo, mcha Mungu kweli kweli, alifungua Ezra 10 akasoma kwa sauti, akafunga Biblia, akasema, "Imekwisha."

Haikuwa imekwisha. Tuliomba isomwe pia sura ya 9 tangu mwanzo, maana hapo shitaka lenyewe limetajwa kuwa ni machukizo ya mataifa yale, yaani ibada zao. Jamaa ile ndogo, iliyotoka kupoteza mji na Hekalu kwa sababu ya sanamu, iliogopa kuzirudia. Tuliomba isomwe na sura ya 6, mstari wa 21, ambapo Pasaka inaliwa na waliorudi kutoka uhamishoni, na pamoja nao kila aliyejitenga na uchafu wa mataifa ili amtafute Bwana. Mlango ulikuwapo katika kitabu kile kile, sura nne tu kabla ya ile iliyosomwa.

Tena Ezra si kitabu pekee katika Biblia. Yupo Ruthu Mmoabi, mgeni wa taifa lililotajwa kwa jina katika shitaka lile. Aliolewa na Boazi, akamzaa babu yake Daudi, na Mathayo amemwandika katika ukoo wa Bwana wetu. Yupo Malaki, anayemkemea mume amtendaye kwa hiana mke wa ujana wake. Yupo Mtakatifu Paulo, anayemwambia Mkristo katika 1 Wakorintho 7 asimwache hata mke asiyeamini, ikiwa mke huyo akubali kukaa naye. Ikiwa ndivyo kwa asiyeamini, tutasema nini juu ya wawili waliopiga magoti pamoja mbele ya meza moja ya Bwana?

Ndoa ile ilitangazwa, ikafungwa. Yule mzee hakuja. Hatusemi haya ili tumlaumu, maana alikuwa akiulinda ukoo wake kama alivyofundishwa. Lakini tunasema wazi, kwa wazazi wote wasomao ukurasa huu, kwamba anayetumia sura ile kuwatenga Wakristo kwa sababu ya kabila, hajamfuata Ezra. Amechukua jina lake tu. Ezra aliogopa miungu mingine. Mzee yule aliogopa lahaja nyingine.

KITABU KILICHO NJE NACHO CHAWEZA KUTUFUNDISHA

Sasa tusije tukafanya kosa la upande wa pili, tukaona kwamba kila kisichomo katika orodha ni takataka. Mwandishi wa Ezra wa Nne hatumjui jina, lakini maumivu yake twayajua. Alikuwa ameuona mji wa Mungu umekuwa majivu. Alivaa jina la Ezra, akajiweka Babeli katika mwaka wa 30 baada ya maangamizi ya kwanza, ili aulize swali la siku zake: kwa nini Babeli yastawi na Sayuni ni magofu? Je, watu wa Babeli ni wema kuliko sisi? Na ikiwa watakaookoka ni wachache, kwa nini wengi waliumbwa?

Malaika hakumpiga kwa kuuliza. Alimwambia apime uzito wa moto, apime upepo, airudishe siku iliyopita. Akishindwa hayo, ajue kwamba njia ya Aliye Juu ni kubwa kuliko kipimo chake. Ezra hakunyamaza. Aliuliza tena na tena, akafunga, akalia, akauliza. Wako kati yetu waliozika watoto na kuambiwa na majirani kwamba kuuliza ni dhambi. Kitabu hiki hakiwezi kutuwekea sheria ya imani, lakini kinatupa mfano wa mtu aliyemhoji Mungu bila kumwacha.

Katika njozi ya nne Ezra akutana shambani na mwanamke anayelia. Alikuwa tasa miaka 30, akapata mwana mmoja, akamlea kwa taabu, naye usiku wa arusi aliingia chumbani akaanguka akafa. Mama ameapa kutokula wala kunywa hata afe. Ezra, ambaye yeye mwenyewe amekuwa akilia, amkaripia: walia kwa mwana mmoja, na sisi sote twaulilia Sayuni! Twawajua watu wa namna hiyo katika matanga yetu, wanaokuja kumwonyesha mfiwa kwamba msiba wake ni mdogo. Lakini Ezra alipokuwa bado akisema, uso wa mwanamke uliangaza, nchi ikatikisika, na mahali pake akaona mji ukijengwa. Mfiwa yule alikuwa Sayuni yenyewe. Ezra alidhani amtuliza mtu mmoja kwa maneno, kumbe Mungu alikuwa akimwonyesha faraja yake mwenyewe ndani ya yule aliyemkaripia.

Tena kitabu hiki kimo kinywani mwetu bila sisi kujua. Yale maneno ya kuwaombea marehemu pumziko la milele na mwanga usiokoma, yanayosikika katika mazishi ya makanisa mengi, yametokana na sura yake ya 2. Lakini angalieni sura ya 7. Humo Ezra auliza kama siku ya hukumu wenye haki wataweza kuwaombea wasio haki, naye ajibiwa kwamba siku ile kila mtu atachukua mzigo wake. Kanisa letu Afrika Mashariki lilipandwa na mikono ya CMS na ya UMCA, na twajua kwamba juu ya kuwaombea marehemu wenzetu hawasemi wote neno moja. Mmoja angeweza kushika sura ya 2 na mwingine sura ya 7, na wote wawili wangesema, "Ezra amesema." Hapo twaona hekima ya wazee wetu waliosema kitabu hiki kisomwe, lakini imani isijengwe juu yake.

Na ile sehemu ya sura ya 7 ina historia ya ajabu. Mwaka 822 ilinakiliwa Biblia moja ya Kilatini ambayo baadaye ilikatwa jani moja, na nakala nyingi zilizotokana nayo zikakosa mistari kama 70. Wataalamu wengine wamedhani kwamba aliyekata hakupenda jibu lile juu ya kuwaombea wafu. Mwaka 1875 mwalimu mmoja wa Cambridge, Robert Bensly, aliichapa mistari ile kutoka kitabu cha mkono alichokikuta Amiens, Ufaransa. Lakini kwa Wakristo wa Shamu na wa Ethiopia, katika lugha zao, haikuwa imepotea hata siku moja. Ndugu wa mbali, wenye lugha tusiyoijua, walikuwa wakiutunza ukurasa ambao sisi wengine hatukujua kwamba hatunao.

TUSOME KAMA WALIVYOSOMA

Turudi kwenye somo letu. Katika Nehemia 8 watu wamekusanyika uwanjani mbele ya Lango la Maji, siku ya kwanza ya mwezi wa 7, wanaume kwa wanawake na wote walioweza kufahamu. Ezra asimama juu ya mimbari ya mti, na watu 13 wamesimama pamoja naye, kuume na kushoto. Asoma tangu alfajiri hata adhuhuri, na Walawi wanawafahamisha watu maana yake.

Angalieni mambo haya. Kitabu kilifunguliwa machoni pa watu wote. Hakikusomwa pembeni na mwenye siri. Msomaji hakusimama peke yake. Maana ilielezwa ili watu waelewe, kwa kuwa miaka ya ugenini ilikuwa imezibadili lugha zao. Kwa sababu hiyo hiyo Krapf alianza kutafsiri Mwanzo kwa Kiswahili pale Mombasa mwaka 1844, na Biblia ya Union Version ikatufikia mwaka 1952. Tena watu walipolia kwa yale waliyoyasikia, hawakuachwa katika kilio. Waliambiwa waende wakale kilichonona na kunywa kilicho kitamu, nao wasio na kitu wapelekewe sehemu. Kusoma Neno kuliisha kwa kupeleka chakula nyumba ya maskini.

Hicho ndicho kipimo, ndugu. Jina Ezra maana yake ni msaada. Kitabu kikisomwa kwa jina lake, kikamwacha binti akilia jikoni na kijana akiwa na siri ya kununua, basi msomaji amelitumia jina akaacha maana yake. Kikisomwa hadharani, pamoja na wenzetu, sura nzima na si mstari mmoja, hata mtu akaelewa, akatubu, akafurahi na kumkumbuka asiye na kitu, hapo Ezra amesoma tena.

Nasi pia tumepewa jina. Kule Antiokia wanafunzi waliitwa Wakristo kwa mara ya kwanza, na tangu hapo jina hilo limeandikwa juu ya watu wa kila namna: wapole na wakali, wasomi na wasiojua kusoma, wa bara na wa pwani. Sisi ni vitabu mbalimbali chini ya jina moja. Jirani asiye Mkristo hatasoma Kanuni 39. Atatusoma sisi, na hataishia kwenye jina lililo juu, atafungua ndani.

Kwa hiyo tunawaomba mfanye jambo moja mwezi huu. Nyumbani mwenu someni Ezra na Nehemia zote mbili, sura moja kila jioni. Ni sura 23, zitawatosha majuma matatu na siku mbili. Mzazi asome, mtoto asome, na mgeni akiwapo naye apewe kitabu. Mkifika sura ya 10 ya Ezra, msiiruke wala msiikimbilie. Isomeni polepole, mkae kimya kidogo kwa ajili ya wanawake wale ambao majina yao hayakuandikwa, kisha mwendelee.

Tuombe. Ee Bwana, uliyemwamsha mtumishi wako Ezra aitafute sheria yako, aitende na kuifundisha, utujalie nasi taratibu ile ile. Utulinde tusilitumie jina lako kumwumiza mtu uliyemwita. Uwafariji wanaouliza katika msiba wao. Ufungue kitabu chako mbele yetu sote, na utufungue sisi mbele ya jirani zetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.